Mkwe Upande wa Pili wa Mzabibu

Nyakato, Jumapili, Agosti 24

Mwanaupe amemaliza magauni yangu leo, baada ya kunizungusha mwezi mzima. Huyu fundi angekuwa mwanafunzi wangu angepiga magoti mpaka mchana. Ameyaleta mwenyewe, akaketi kitandani kwangu akawa ananicheka ninavyopanga sanduku: dagaa wa kukaanga, unga wa muhogo, karanga, na daftari hili. Mtu aliyefundisha watoto insha mpaka akastaafu hawezi kwenda Ulaya akarudi na porojo za mdomoni tu.

"Mama Ghati, na mkweo je? Mtakaa nyumba moja mpaka Oktoba. Haya zako utazificha wapi?"

Nikamwambia Ghati atakuwa ameshamweleza mumewe kila kitu. Nimemlea mwenyewe yule.

Niandike hapa ili mjukuu wangu akija kusoma aelewe. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono. Hawali meza moja, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mkwe anapisha, hata kama pembeni ni miiba. Si chuki jamani, ni heshima, na inadumu mpaka siku mkwe atakapoleta mbuzi nyumbani kwa wakwe zake, ukoo ukamchinja, wakala wote pamoja. Mkwe wangu ni Mjerumani. Jina lake linaandikwa Jochen, mimi naandika Yohen kama linavyotamkwa. Mahari alituma, na shemeji yangu Enos akanunua ng'ombe kule Butiama, kwao marehemu mume wangu Felisian. Lakini mbuzi wa haya hatumwi, mkwe anamleta mwenyewe, na Yohen hajawahi kukanyaga Mara. Ndiyo maana kwenye simu ya video akitokea yeye, mimi nageuzaga simu iangalie dari.

Jumatano, Agosti 27

Ndege. Miguu imevimba. Sina la kuandika.

Kijijini kwa Yohen, Bonde la Mosel, Ijumaa, Agosti 29

Nimemshika mwanangu. Tangu mwaka mmoja kabla ya korona sijamshika. Alikuja mbio pale uwanja wa ndege akaniangukia, tukalia kama tuko msibani, Wazungu wakawa wanatupisha na masanduku yao. Sara, mjukuu wangu, ana miaka minne, amejificha nyuma ya mama yake ananichungulia. Kiswahili chake ni cha redio yenye betri zilizochoka, lakini aliponiita "Bibi" nililia upya.

Halafu nikaona dubwana la mwanaume lenye ndevu za rangi ya mahindi linanijia mikono wazi, linataka kunikumbatia!

Niliruka nyuma ya kigari cha mizigo, nikajifunika kitenge kichwani nikampa mgongo. Nikamsikia Ghati akisema maneno kwa Kijerumani, taratibu, na yule mtu akashusha mikono. Nikajua anamweleza. Kwenye gari nilikaa nyuma ya kiti cha dereva ili kioo chake kisinipate.

Jumapili, Agosti 31

Sasa nieleze hapa nilipo. Mto Mosel unapita chini, umetulia, na kila mahali umejikunja hadi hujui unaenda au unarudi. Pande zote mbili ni milima, na milima yote imepandwa mizabibu kuanzia ukingo wa maji mpaka juu. Ni mwinuko ambao kwetu hata mbuzi anaufikiria mara mbili. Nyumba ya Yohen iko chini, ya mawe. Analima zabibu, anatengeneza divai kama baba yake, na ana vyumba viwili vya wageni. Watalii wakija anawatembeza yeye mwenyewe. Ghati ni muuguzi katika nyumba ya wazee mji wa pili.

Leo baada ya misa nilipanda shambani peke yangu kidogo. Ardhi ni mawe meusi bapa matupu. Nikavua viatu. Yalikuwa yameshika jua, yana moto, na nyayo zangu zikayajua mara moja. Utotoni Kiriba tulikuwaga tunaanika muhogo na dagaa juu ya mawe ya ziwani, mimi na dada zangu, tunarukaruka kwa sababu yanaunguza, mama anatupigia kelele tusikanyage chakula. Nilikaa pale mpaka Ghati akaja kunitafuta.

Jumatano, Septemba 3

Nakula jikoni Yohen akishatoka. Chakula ananiachia yeye, anapika vizuri kuliko Ghati, Mungu anisamehe.

Jumamosi, Septemba 6

Yohen amepanga kunionyesha bonde lake lote. Leo ilikuwa meli ya mtoni. Alilipia meza nzuri juu, karibu na kioo, viti vinne. Nikamwambia Ghati mimi nitakaa huku nyuma kwenye kamba, na nikakaa. Meli ikafika mahali mto umezibwa kwa milango ya chuma. Ikaingia katikati, milango ikafungwa, maji yakapunguzwa, tukawa tunashuka polepole kama tuko ndani ya kisima, kuta zinapanda tu. Halafu lango la mbele likafunguka tukaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilishika kamba kwa mikono miwili nikasali.

Nikakumbuka kivuko cha Kinesi. Felisian alikuwaga anasimama mbele kabisa, kofia mkononi, upepo wa ziwa unampulizia shati, mimi namwambia utaanguka baba, yeye anacheka. Ziwa letu halina ng'ambo ukiliangalia kutoka Kiriba. Huu mto unavuka ukipiga mluzi tu. Lakini ni mzuri, siwezi kusema uongo.

Sara alikuwa anapanda na kushuka ngazi, mara kwangu, mara kwa baba yake. Akaniletea keki. "Papa anauliza, Bibi anaumwa?"

Nikamwambia Bibi hana ugonjwa wowote.

Jumapili, Septemba 14

Leo nimetia aibu, na nimecheka, na sasa nimekaa sijui hata nijisikieje.

Mji wa Cochem una ngome juu ya kilima yenye minara kama kwenye vitabu vya watoto. Ng'ambo kidogo kuna mlima mwingine, na unaupanda kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya. Kila kiti ni cha watu wawili. Kinakuja, hakisimami, unakipokea kwa makalio, kinakubeba. Ghati akapanda na Sara. Nikageuka, nikaona waliobaki ni mimi na Yohen, na kiti hiki hapa kinakuja!

Mwenye viti ananihimiza kwa mikono. Yohen amenyoosha kiganja anishike nisianguke. Mimi huyu, nikae nimebanana na mkwe wangu, ubavu kwa ubavu, miguu inaning'inia hewani, mbele za watu? Mama yangu angefufuka. Nikaruka pembeni. Yohen akabebwa peke yake, nafasi moja tupu ubavuni, akawa anageuka nyuma kunitazama mpaka akapotea juu ya miti. Mimi nikapanda kiti kilichofuata na mzee mmoja mwenye fimbo, hata jina sijui, ananuka tumbaku, na nikafika juu salama.

Kutoka juu unaona mto wote, mizabibu na mapaa meusi, na kengele zinalia huko chini. Yohen alikuwa amesimama peke yake kwenye ukuta wa mawe. Hakutuonyesha kitu. Safari za nyuma alikuwaga anaeleza kila kengele na kila paa, Ghati anatafsiri mpaka anachoka.

Jumanne, Septemba 16

Mvua.

Alhamisi, Septemba 18

Mvua. Nimesonga ugali wa muhogo. Sara amekula kwa mkono, nimefurahi mno.

Jumapili, Septemba 21

Sina hamu, lakini nitaandika.

Jana kulikuwa na sherehe ya mavuno hapa kijijini. Mahema yamejaa kando ya mto, tarumbeta, na binti mmoja amevishwa taji eti malkia wa divai. Wanakunywa divai changa, bado inachachuka, ina rangi ya togwa, na wanakula na mkate wa vitunguu. Nilionja. Ni tamu, inakudanganya. Nilikaa na wanawake wa kanisani, hatuelewani neno, tunapigana tu mabega na kucheka. Nikaanza kujisikia niko kwenye harusi Suguti.

Ndipo muziki ukabadilika, na Yohen akaja. Alikuwa amevaa shati jeupe. Akasimama mbele yangu, mbele ya kijiji chake chote, akainama, akaninyooshea mkono. Alikuwa anataka nicheze naye. Na akasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, ameyakariri siku nyingi, ungesikia tu: "Mama, tafadhali, karibu tucheze."

Nilijifunika kitenge, nikageuka nikatazama mto.

Mkono wake ulibaki pale hewani, nakiona kivuli chake chini. Halafu kivuli kikaondoka.

Leo asubuhi nikawasikia jikoni. Kijerumani sikijui, lakini sauti ya mwanaume aliyeumia haihitaji kamusi. Alipotoka nikashuka. Ghati alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwangu.

"Krismasi hatuji, Mama."

"Nini?"

"Amefuta likizo. Anasema kama mama mkwe wake anamchukia hapa nyumbani kwake, kwenye meza yake, huko kwenye ukoo mzima itakuwaje. Anasema hawezi kumpeleka Sara mahali ambapo baba yake anageuziwa mgongo."

Nilishika kiti. Safari yao ya kuja nyumbani Krismasi ndiyo niliyokuwa naihesabia. Felisian alipofariki ilikuwa mwaka wa korona, ndege zimefungwa, Ghati alizikiwa baba yake akiwa anatazama kwenye simu, mtandao unakata kila wakati. Alilia peke yake kwenye nyumba hii. Baadaye ikawa mimba, ikawa mtoto mchanga, ikawa makaratasi, ikawa mavuno. Hajasimama kwenye kaburi la baba yake hata siku moja. Kuna usiku ananipigia simu hasemi chochote, ananipumulia tu, mimi najua ni hilo.

"Ghati, kwani hukumweleza?"

Akafungua bomba, akaanza kuosha kikombe kilicho safi.

"Pale uwanja wa ndege ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unaumwa mgongo. Huwezi kukumbatiwa." Akageuka, uso umelowa. "Na chakula nikamwambia umezoea kula peke yako. Ningemwambia nini, Mama? Kwamba mama yangu haruhusiwi kukuangalia usoni? Hapa nikisema lolote la kwetu watu wananionea huruma. Kazini wananionea huruma, kwa majirani wananionea huruma. Nimechoka. Nikasema utazoea tu, utamzoea, itapita."

Nilitaka kumgombeza. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka, mwalimu ni mwalimu. Lakini nikamwona alivyokonda shingo, nikamvuta tu tukakaa chini hapo hapo sakafuni, mimi na yeye.

Jumatatu, Septemba 22

Ghati amejaribu kumweleza Yohen jana jioni. Amemjibu kwamba sababu ya kwanza ilikuwa mgongo, ya pili mazoea, hii ya tatu haitaki. Amehamia kula kwenye kibanda cha shambani.

Mwanaupe kapiga simu. Nimemweleza yote.

"Si umshike tu mkono, Mama Ghati! Mkono ni nyama na mifupa."

"Wewe ungemshika?"

"Mimi ningemshonea kanzu," akasema. Tukacheka, lakini si kicheko cha kweli.

Nimelifikiria hilo la kumshika mkono. Nimelifikiria kweli. Lakini mkwe niliyemshika mkono kabla ya mbuzi nitampeleka Butiama kama nani? Enos na wazee watamwona mtu asiye na adabu, na kumbe aliyevunja ni mimi. Nitakuwa nimemharibia kwetu ili nimfurahishe kwao.

Alhamisi, Septemba 25

Jua limerudi. Zabibu zinaanza kuvunwa Jumatatu. Ghati anasema wafanyakazi wawili hawajafika. Nikasema nitakwenda mimi. "Mama, na huo mwinuko?" Nikamwambia mimi ni mtoto wa Kiriba, si yai.

Jumatatu, Septemba 29

Mwinuko ulinishinda, basi. Wana kigari kinachopanda mlima kwenye reli moja, kinabeba makreti. Wakanipakia humo kama muhogo, nikapanda kinyumenyume huku nimefumba macho, nikimwita Bikira Maria kwa majina yake yote. Sara alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikiliza kazi yenyewe ilivyo. Mizabibu imefungwa kwenye waya kwa mistari, majani yamesongamana kama ukuta. Kila mstari unavunwa na watu wawili, mmoja upande huu, mwingine upande ule, mnaanza pamoja na kwenda pamoja, ili shada lisilofikiwa na mmoja lifikiwe na mwenzake. Unaona mikono tu na mkasi. Uso huuoni.

Nilianza na mama mmoja wa kanisani. Tulipofika nusu akaitwa kwenye makreti. Nikaendelea. Punde nikaona upande wa pili mikono mingine, mikubwa, ina nywele za rangi ya mahindi. Naye aliiona yangu, maana mkasi ulisimama.

Nikamkumbuka mama yangu. Felisian alipokuja kunioa, mwalimu kijana kutoka Butiama, mama hakumtazama usoni mpaka mbuzi alipoletwa. Lakini waliongea! Kila jioni Felisian alikuwa anakuja anakaa nje, mgongo kwenye ukuta wa jiko, mama yuko ndani anachochea moto, na ukuta uko katikati. Waliongea mambo ya samaki na mvua, na mimi nilivyo mkaidi, wakicheka kila mmoja upande wake. Mama alimpendaga Felisian kuliko wanawe wa kuzaa. Na mimi nilikuwa nimekaa mwezi mzima nahangaika na meza na viti, kumbe nilichokuwa nakosa ni ukuta.

Nikasema kwa Kiingereza. Changu ni cha darasani, chake ni cha watalii, tukakutana katikati.

"Yohen. Usije upande huu. Usinijibu kwanza. Nisikilize."

Nikamweleza yote kwenye majani yale, kuanzia njia na kupishana mpaka meza na mbuzi. Nikamweleza Felisian na mama yangu na ukuta wa jiko. Nikamwambia siku ya sherehe nilisikia kila neno lake la Kiswahili na yalikuwa sahihi yote, na kwamba niliutazama mto kwa sababu nilikuwa nalia.

Sauti ikaja, ndogo kuliko mwili wake.

"Kwa hiyo hunichukii?"

"Nikuchukie kwa lipi? Ningekuwa nakuchukia ningekusalimia kwa mkono kama nasalimia polisi."

Nikasikia anapenga kamasi. Halafu akacheka, kicheko kikubwa mpaka watu wa mstari wa chini wakainua vichwa. Tukaendelea kukata. Tulipokaribia mwisho wa mstari, pale ukuta wa majani unapokwisha, nikasikia hatua zinarudi nyuma. Nilipotokea nikakuta amenipa mgongo, amesimama kwenye mawe, anatazama bondeni. Alikuwa amenipisha.

Jumanne, Septemba 30

Kidole kimekatwa na mkasi. Si kitu.

Ijumaa, Oktoba 3

Kila siku mstari wetu ni mmoja. Wafanyakazi wanaona ni kichekesho, mimi sijali. Upande wa pili wa majani Yohen amenieleza habari za baba yake aliyepanda mizabibu hii, na jinsi alivyoanguka mlimani hapa hapa akafa kabla Sara hajazaliwa. Kumbe naye alikuwa anatafuta mzazi wa kucheza naye kwenye sherehe. Nami nimemweleza Felisian: alivyokuwa anafundisha hesabu kwa maharage, tulivyohamishiwa Bunda, alivyokuwa anampeleka Ghati shuleni kwa baiskeli na kumwimbisha mpaka getini. Nilikuwa sijamsimulia mtu hayo muda mrefu. Kwa watu wa nyumbani ni mambo wanayoyajua, wananikatiza njiani. Huyu anauliza: "Aliimba nini?" Nikamwimbia. Mlima wote umesikia.

Jumapili, Oktoba 5

Tumerudi Cochem kwenye vile viti. Safari hii Yohen alipanda mbele peke yake, mimi na Sara tukafuata kiti cha nyuma. Akawa ananitangazia kwa sauti bila kugeuka: kanisa lile la karne fulani, kijiji kile cha binamu yake, hapo ndipo mto ulifurika mpaka madirishani. Watu wa viti vinavyoshuka walikuwa wanamshangaa huyu anaongea na hewa. Kwenye ngome alitangulia kila chumba, anaeleza, anatoka kwa mlango wa pili, ndipo naingia mimi. Sijawahi kutembezwa vizuri namna hiyo maishani mwangu. Ghati alikuwa katikati yetu anacheka na kufuta machozi.

Alhamisi, Oktoba 9

"Mama," sauti ya majani. "Jirani yangu ana mbuzi. Mnene. Kesho nimlete?"

Nilicheka nikaangusha ndoo. Jioni nikampigia Enos, nikaweka simu kwenye spika, Ghati akitafsiri na Yohen akiwa nje ya dirisha.

"Shemeji, mwambie huyo mkwe," Enos akasema, "mbuzi haliwi ugenini. Aje naye hapa kwa marehemu. Mimi kisu ninacho, wazee wapo, muhogo upo. Asipokuja yeye, Mama Ghati ataendelea kula jikoni kama paka mpaka afe."

Nje ya dirisha Yohen akauliza kwa Kiswahili chake: "Kwa hiyo lazima mimi kuja?"

"Ndiyo, baba!" Enos akajibu. "Lazima wewe kuja!"

Ijumaa, Oktoba 10

Amekata tiketi tatu. Ghati kanionyesha kwenye simu, nimezisoma mpaka kioo kikazima.

Jumatano, Oktoba 22

Zabibu zimekwisha. Majani yamegeuka manjano, bonde lote linawaka. Yanaanguka sasa, mistari imebaki waya, na mimi na Yohen hatuna mahali pa kuongelea. Leo alinipigia simu. Yeye yuko ghalani, mimi niko jikoni juu, na tuliongea mpaka chai ikapoa.

Nyakato, Jumatatu, Oktoba 27

Nimefika. Mwanaupe kanipokea na sato wa kuchoma. Nimelala kwangu.

Alhamisi, Novemba 20

Mvua za vuli. Mwanaupe ameshona kanzu kweli, amekisia kipimo. Naona atamvisha turubai.

Jumatatu, Desemba 15

Nahesabu, basi.

Butiama, Ijumaa, Desemba 26

Walilala Bunda jana, na asubuhi Yohen akaenda mnadani mwenyewe kununua mbuzi, kwa Kiswahili alichookota kwangu kule shambani. Wamemuuzia kizee cha mbuzi, mbavu zinahesabika. Enos alimzunguka yule mnyama akaguna. "Shemeji, huyu mbuzi ni rika langu." Lakini amechinjwa, wazee wamesema maneno yao, na Yohen amekaa kwenye kigoda chenye urefu wa sufuria, magoti masikioni, akapokea nyama kwa mikono miwili. Nami nikala kwenye sinia lile lile. Kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Ana uso wa kitoto, jamani. Pua imeungua na jua. Miezi miwili nyumbani kwake na nilikuwa namjua kwa mikono tu.

Ghati hakula. Tangu ashuke garini alikuwa anaangalia kule nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikanawa. Nikamwambia twende.

Kuna kinjia katikati ya mahindi. Ghati alitangulia, akakimbia kidogo kama zamani akitoka shule, halafu akaona msalaba na jina. Alipiga magoti kwenye udongo akalia kwa sauti, akamwambia baba yake kwa kilugha cha kwetu kwamba amechelewa, amechelewa sana, asimkasirikie. Sara alikaa pembeni yake akawa anampapasa mgongo.

Nikageuka. Yohen alikuwa hajaja. Alikuwa ameingia katikati ya mahindi, ametugeuzia mgongo, kofia mkononi, ananipisha njia. Mbuzi ameshaliwa, haya imeshaondolewa, lakini huyu mtu bado anapisha. Wajukuu wa Enos walikuwa wanamcheka kwa mbali.

Nilimfuata humo humo ndani ya mahindi. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkubwa, una sugu.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo nikupeleke kwa baba mkwe wako."

Akaja.